Kichaka Bado Hakina Jina

Zuhura, shoga yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila macho yananiwasha kwa kushinda kwenye hadubini. Umeniuliza mbona kile kichaka cha maua ya zambarau hakina jina mpaka leo, na mwenyewe nilikuapia ni kipya. Jina ndilo jepesi. Kazi ni kuhakikisha si kile cha zamani kilichojibadilisha sura.

Wiki nzima nachemsha maua. Usicheke! Ua kavu hukunjamana. Ukilitia kwenye maji ya moto yenye tone la sabuni hulainika, ukalifungua kwa sindano na kuhesabu stameni, yaani vile vijiti vya kiume vyenye chavua. Pacha wake, yaani kile cha zamani wanachofanana, ana tano, zote sawa. Chetu kina tano pia, lakini mbili ni fupi na zina manyoya kwenye shina. Nikageuza jani: vinyweleo vya pacha vimesimama wima, vya hiki vimetanda kama vinyota. Nikahofu ni kivuli tu, maana mmea wa kivulini hubadilika majani. Ikabidi nipekue sampuli zote kabatini, na mbili kati ya zilizohifadhiwa kwa jina la pacha zina vinyota vilevile na stameni zilezile. Zimekaa humo miaka na miaka, hakuna aliyezitazama kwa lenzi. Niliinuka nikazunguka meza.

Kwenye kuandika, kanuni za majina ya mimea ni kali. Tangu 1958 lazima uteue sampuli ya kielelezo, na jina hubaki limefungwa hapo hata wengine wakibishana baadaye. Maelezo yalikuwa lazima yawe ya Kilatini hadi 2012 Kiingereza kiliporuhusiwa. Alhamdulillahi! Jina lenyewe bado huandikwa kwa mtindo wa Kilatini. La kwako lingekuwa zuhurae, lakini usijipe moyo, mimi nataka litaje vile vinyota. Jina likishapita haling'oki kirahisi: lile neno kafiri, lililogeuzwa tusi Afrika Kusini, lilining'inia kwenye majina ya mimea kama caffra mpaka mkutano wa wataalamu wa mimea wa Madrid wa 2024 ulipoamua yasomeke affra.

Unakumbuka tulihesabu vichaka vilivyokomaa 31? Vikiwa chini ya 50, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, hukiweka kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ndiyo maana sitachapisha mahali penyewe, wang'oaji wasije wakatutangulia.

Nimekwama kwenye tunda. Siku ile ulipiga picha ya moja lililopasuka, kidole chako kikiwa pembeni. Kama hujaifuta, nitumie leo, pamoja na tarehe.

Wako,
Mwanaidi