Historia ya Pemba isikatwe kwa kipimo cha Unguja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu namna tunavyoigawa historia ya visiwa vyetu. Muulize mwanafunzi hapa Wete zama za Zanzibar, atakutajia bila kumeza mate: Wareno, Waarabu, Waingereza, Mapinduzi. Simlaumu, ndivyo alivyofundishwa. Lakini mgawanyo huo unaangalia nani alikalia kiti mjini Unguja, na Pemba ilikuwa na mwendo wake.

Chukua 1698, mwaka Waomani walipoiteka Ngome ya Yesu kule Mombasa. Hapo tunaifunga enzi ya Wareno na kuifungua ya Waarabu. Sawa, lakini karne iliyofuata Pemba iliingia mikononi mwa Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na mpunga wetu ukawa unalisha mji huo. Majeshi ya Seyyid Said, mtawala wa Omani, yaliwatoa Mazrui kisiwani miaka ya 1820. Kumwambia mtoto kwamba tulikuwa chini ya Unguja muda wote huo ni kumpotosha.

Na kabla ya Wareno? Tunaambiwa "kabla ya wageni", basi. Misikiti na makaburi ya Ras Mkumbuu, na ngome ya Pujini ambayo wazee wanaihusisha na Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba katika masimulizi, vyote vinatupwa kwenye fungu moja la mamia ya miaka, na linapitwa kwa kipindi kimoja darasani. Inaniuma sana.

Mwaka ninaoupigania zaidi ni 1872. Aprili ya mwaka huo kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu, Pemba ikasalimika. Wenye mali wakageukia vilima vyetu, watumwa wakaletwa kwa wingi kuja kupanda na kupalilia. Mkarafuu hauzai leo na kesho, lakini ilipozaa, Pemba ikaipita Unguja kwa karafuu, na hadi leo haijapitwa. Msimu ukifika, nyumba nzima inakesha kuchambua, makonyo (vijiti vyake) kando, karafuu kando, na asubuhi majamvi yanatandazwa kila penye jua. Harusi zinangoja mavuno, madeni yanangoja mavuno. Maisha haya yalianzia kwenye kimbunga kile, wala hakimo miongoni mwa zama anazozikariri mtoto.

Linganisha na 1890, Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza. Huo tunaukariri. Mashambani huku kilichogeuza mambo zaidi ni 1897, utumwa ulipofutwa kisheria (masuria waliachwa nje hadi 1909), wenye mashamba wakalazimika kutafuta wachumaji wa kulipwa.

Mpaka wa Januari 1964 siubishi. Ardhi ilitaifishwa, eka tatu tatu zikagawiwa. Ila Pemba wenyeji wengi walikuwa tayari na mikarafuu yao wenyewe, kwa hiyo hata hapo habari ya visiwa viwili si moja.

Najua walimu watasema mtihani ni mmoja. Uacheni mtihani ulivyo. Ninachoomba ni mistari miwili ubaoni, mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba, na kila pale miaka isipolingana, wanafunzi waulizwe kwa nini.

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba