Barua kwa Mwalimu: katriji ya kuagiza

Uyole, Mbeya
Julai

Mpendwa Mwalimu,

Salaam nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu, na najua huko Njombe mnaipata zaidi. Barua yako nimeisoma, na nimefurahi kusikia parachichi zimelipa. Umesema mpwa wako anarudi kutoka Uingereza mwezi ujao, anaweza kukubebea katriji mpya, kile kijidude kinachobeba sindano, ya ile mashine yako ya santuri ya Technics, na umeshaoneshwa moja ya aina ya MC (koili inayocheza) ya bei mbaya. Unauliza kama uichukue. Usiichukue. Najua hutakubali bila sababu, basi nipe nafasi nikueleze.

Kwanza hiyo MC yenyewe. Ndani yake koili ndiyo inayocheza mbele ya sumaku, na koili hiyo ni nyepesi mno, ndiyo maana watu wanaisifu. Lakini umeme inaotoa ni kiduchu. Denon DL-103, ambayo Wajapani waliitengeneza miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika lao la utangazaji la NHK, inatoa milivolti 0.3. Ortofon 2M Red unayotumia sasa inatoa 5.5, yaani karibu mara 18. Kwa hiyo itabidi ununue na kikuzaji kingine cha kuisukuma, na kikuzaji hakichagui: kinakuza muziki na mvumo wa friji kwa pamoja. Nyumba zetu nyingi waya wa ethi ni hadithi tu, unalijua hilo.

Halafu sindano yake haichomoki. Ikiisha, katriji nzima inarudi kiwandani, au inapelekwa kwa fundi wa kubandika almasi mpya chini ya darubini. Miye naitwa fundi mji mzima, lakini kazi hiyo siigusi, na Nyanda za Juu Kusini yote simjui anayeigusa. Za MM (sumaku ndiyo inayocheza), kama hiyo Red, unavuta sindano kwa vidole, unachomeka nyingine, unaendelea na chai yako.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, maana hapa ndipo pesa yako inapotakiwa kwenda: umbo la ncha ya almasi. Wewe santuri zako nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45, za akina Mbaraka Mwinshehe na bendi za enzi zile. Unakumbuka zilivyo: wimbo mmoja umekatwa vipande viwili, huku waimbaji, ukigeuza upande wa pili ndiyo magitaa yanachemka. Na yanachemka hasa kuelekea mwisho, karibu na karatasi ya katikati. Bahati mbaya, hapo ndipo pagumu kuliko kwingine kote. Santuri inazunguka kwa kasi ileile, lakini duara limekuwa dogo, hivyo kila sekunde ya muziki imebanwa kwenye mfereji mfupi zaidi. Ncha ya duara haiingii kwenye vikunjo vidogo namna hiyo, na ya yai, kama ya Red, inajitahidi tu. Ndiyo ule mkwaruzo unaoulalamikia, gitaa la solo kulia kama bati. Si spika zako, ziache.

Ncha nyembamba, zile zinazoitwa Shibata au mikrolaini, zinapita hapo vizuri. Tena zinagusa ukuta wa mfereji kwa urefu zaidi, juu hadi chini, kwa hiyo mara nyingine zinasoma sehemu ambayo sindano butu za vilabu vya zamani hazikuwahi kuichuna. Nasema mara nyingine, kwa sababu santuri iliyoliwa imeliwa, na ncha kali itakusomea na majeraha yake yote. Kwa hizo bakiza Red yako kwenye kichwa cha pili, yaani kile kishikio cha katriji mwishoni mwa mkono wa mashine. Technics ina raha hiyo: unafungua kichwa, unafunga kingine.

Kwa hiyo mwambie kijana atafute Audio-Technica VM540ML, au Ortofon 2M Black kama parachichi zimelipa kwelikweli. Miye ningechukua ya kwanza. Hapa nyumbani natumia mdogo wake, VM95ML, na sijaona cha kuhangaikia zaidi. Kama anakuta zimeisha, sindano ya 2M Blue inaingia kwenye mwili wa Red bila kugusa skrubu hata moja, ila hiyo ni hatua fupi, bado ni ya yai.

Baridi isikudanganye pia. Ufito wa sindano umeshikwa na kimpira kidogo sana, na watengenezaji wengi hupima katriji zao kwenye joto la nyuzi 20 na ushei. Usiku wa Julai huko kwenu chumba hakifiki hapo, kimpira kinakakamaa, herufi za "s" zinaanza kutema mate. Washa hita kwanza, subiri, ndipo uweke santuri. Ikibidi, peleka uzito wa sindano, yaani inavyokandamiza santuri, juu kidogo ndani ya kiwango. VM540ML inaruhusu gramu 1.8 hadi 2.2. Jiko la mkaa usiliingize kwenye chumba kilichofungwa: hewa yake ya sumu inaua, na ukipona masizi yatamaliza santuri.

Uzito huo usiukadirie kwa namba zilizoandikwa kwenye mkono wa mashine peke yake. Nimeazima mizani ya dhahabu kwa jamaa mmoja anayenunua huko Chunya, inasoma hadi senti ya gramu. Ila kisahani chake ni cha chuma, na katriji ina sumaku, kwa hiyo kinaivuta na namba inasoma uongo. Nimekikatia kipande cha plastiki cha kuegesha sindano kando ya kisahani, usawa uleule wa santuri. Nitakuja nayo Agosti, tufunge wote. Umbali wa milimita 52 kutoka ncha hadi kwenye pete ambapo kichwa kinafungwa kwenye mkono tutaupima kwa rula.

Mwambie kijana aongeze brashi ya nyuzi za kaboni, vumbi la huko si la mchezo. Na anijulishe anasafiri tarehe ngapi, nimtumie pesa ya sindano moja ya VM95ML ya kwangu. Msalimie mama watoto.

Wako,
Fundi