Anayejifunza urubani nyumbani aanze na miguu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linaloenea miongoni mwa vijana wa jiji letu la Mwanza, nalo ni kujifunza kuongoza ndege kwa kompyuta nyumbani. Mimi ni mwalimu wa fizikia niliyestaafu, ninaishi Pasiansi, na kwa miaka kadhaa sasa sebule yangu imekuwa mahali ambapo vijana wa mtaani huja kurusha ndege za kwenye skrini kutoka uwanja wetu wa Mwanza, ambao katika programu hizo hutafutwa kwa herufi HTMW. Wazazi wao huniuliza wanunue kifaa gani, na kabla sijamaliza kueleza huwa wameshakwenda dukani na kurudi na joistiki, yaani fimbo ya kuongozea kwa mkono, kubwa yenye vitufe vingi, huku miguu ya mtoto ikiachwa bila kazi chini ya meza.

Naamini hilo ni kosa, na nataka kueleza kwa nini. Ndege huongozwa kwa mikono na kwa miguu. Mikono huilaza upande na kuinua au kushusha pua. Miguu, kwa pedali mbili, hugeuza usukani ulio kwenye mkia. Sisi watu wa ziwa tunaujua usukani tangu utotoni, lakini ujuzi huo huo hutupotosha, kwa sababu mtumbwi hugeuzwa kwa usukani, ilhali ndege hugeuka kwa kulazwa. Rubani anapoilaza ndege kushoto, kibawa kilicho nyuma ya bawa la kulia huteremka ili bawa hilo lipande, na kupanda huko huongeza ukinzani wa hewa upande wa kulia, hivyo pua huvutwa kulia, kinyume kabisa cha anakotaka kwenda. Kazi ya mguu wa kushoto wakati huo ni kuirudisha pua kwenye mstari. Kijana aliyejifunza bila pedali haoni kosa hilo, na siku akikaa kwenye ndege halisi miguu yake itakuwa imelala.

Kuna jambo jingine ambalo nimeliona kwa kila mgeni wa sebule yangu aliyekulia kwenye baiskeli. Ukisukuma mbele mpini wa kushoto wa baiskeli, unakwenda kulia. Ukikanyaga pedali ya kushoto ya ndege, unakwenda kushoto. Mwili huchukua siku nyingi kuikubali tofauti hiyo, na hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kuchukua nafasi ya mazoezi. Vilevile, wakati wa kuruka, ndege nyingi za injini moja, ambazo pangaboi lake huzunguka kisaa likitazamwa kutoka kiti cha rubani, huvuta pua kushoto, na ni mguu wa kulia unaoizuia isitoke kwenye njia. Uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, ndege hukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa, na mguu huo hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi.

Wala wazo hili si geni. Edwin Link wa Marekani, ambaye familia yake ilikuwa ikitengeneza vinanda, alipounda mashine yake ya kufundishia urubani mwaka 1929 kwa kutumia mivukuto ya vinanda hivyo, aliiwekea pedali za miguu.

Sasa nije kwenye kuchagua. Jambo la kwanza la kuuliza ni sensa iliyo ndani, yaani kihisi kinachopima pedali imesogea kiasi gani, na wauzaji wengi hawalitaji. Pedali za bei ya chini aghalabu hutumia potensiometa, ambayo ndani yake kipande cha chuma husugua utepe wa kaboni. Utepe huo huchakaa, vumbi huingia, na baada ya muda pua ya ndege huanza kutikisika yenyewe hata miguu ikiwa imetulia. Nyingine hutumia sumaku na sensa isiyoguswa na chochote, nazo hudumu zaidi. Anayenunua za mtumba aziunganishe na kompyuta kabla ya kulipa, azisogeze polepole, kisha atazame kama alama kwenye skrini inatulia katikati.

Jambo la pili ni umbo. Thrustmaster TFRP, ambazo ni miongoni mwa pedali za bei nafuu, zimebana kiasi kwamba mtu mzima hukaa magoti yakiwa karibu kugusana. VKB T-Rudder ni imara, lakini hazina breki za kukanyagwa kwa ncha ya mguu, na bila breki hizo huwezi kufunga gurudumu la upande mmoja peke yake unapogeuka uwanjani. Sakafu zetu za saruji na vigae huteleza, kwa hiyo pedali nyepesi hukimbia mbele na kiti chenye magurudumu hurudi nyuma. Dawa yake ni kuzifunga kwa skrubu kwenye ubao unaoegemea ukuta, na kukalia kiti cha kawaida.

Asiye na uwezo wa kununua pedali achague joistiki ambayo mpini wake husokoteka kushoto na kulia, kama Logitech Extreme 3D Pro, maana msokoto huo unaweza kufanya kazi ya usukani wa mkia. Programu ya FlightGear ni ya bure, na ukishaipakua pamoja na ramani zake hurushi tena kwa kutegemea bando. Pia mafundi wetu wa kuchomelea wa Nyakato wana uwezo kamili wa kutengeneza fremu ya pedali, na kijana anayejua kidogo elektroniki akaiwekea sensa ya sumaku. Ningefurahi sana kuona jambo hilo likijaribiwa.

Zikishafungwa, pedali hazitafaa kitu ikiwa programu inaendelea kumsaidia rubani kukanyaga. Msaada huo uzimwe, na msokoto wa joistiki uondolewe kwenye kazi hiyo, la sivyo vifaa viwili vitagombania usukani mmoja. Eneo la katikati lisilohisi mguso liwe dogo sana.

Sidai kwamba saa za sebuleni huhesabiwa kwenye leseni. Hazihesabiwi, na springi ya pedali haisukumi mguu kama upepo halisi unavyousukuma. Ombi langu ni kwa wenye maduka ya kompyuta hapa jijini: wekeni seti moja iliyofunguliwa, kiti kimoja na kompyuta inayowaka, mnunuzi avue viatu na akanyage kwa dakika kumi kabla ya kutoa fedha yake.

Mwalimu mstaafu,
Pasiansi, Mwanza