Funika Kikombe: Namna ya Kutumia Melisa Isipoteze Harufu Yake

Lalamiko tunalolipata mara nyingi kuliko yote linahusu harufu. Mteja amenunua majani ya melisa, ameyachemsha, amekunywa, kisha anatuuliza mbona ladha yake ni kama ya majani makavu tu. Mwingine anadhani tumemuuzia mchaichai. Tunaona ni haki yake kujibiwa vizuri, hata kama kesho atanunua kwa mwingine au ataamua kupanda mwenyewe.

Melisa, ambayo wataalamu wa mimea huiita Melissa officinalis, ni ya ukoo mmoja na mnanaa na mrehani. Lipapase shina lake, utasikia pembe nne. Majani yana meno pembeni na mikunjo mingi juu. Asili yake ni nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania na Asia ya Magharibi. Mchaichai wenyewe ni nyasi, na hauna udugu wowote na melisa. Kinachowachanganya watu ni sitrali, kiini chenye harufu ya limau kinachopatikana katika mimea yote miwili.

Tofauti kubwa iko kwenye kiasi cha mafuta. Mchaichai una mafuta ya kutosha, ndiyo maana hata ukiuchemsha sufuriani bado unanukia. Melisa ina mafuta kidogo mno: katika kilo nzima ya majani makavu, mara nyingi hayafiki gramu 3. Na hayo machache ni mepesi, yanaruka na mvuke. Kwa hiyo ile harufu tamu inayojaa jikoni wakati melisa inachemka ni ladha yako inayoondoka. Ukija kumimina kikombeni, kilichobaki ni maji ya majani.

Basi usiichemshe. Chemsha maji peke yake, zima moto, weka majani makavu kikombeni, mimina maji juu yake, kisha funika hapo hapo kwa kisahani. Kipimo kinachotambuliwa na Shirika la Dawa la Ulaya ni gramu 1.5 hadi 4.5 za majani makavu kwa mililita 150 za maji, mara 1 hadi 3 kwa siku. Acha dakika 10. Unapofunua, utaona matone chini ya kisahani: yarudishe kikombeni, kwa maana baadhi ya mafuta yaliyotaka kutoroka yamenaswa humo. Ukitumia majani mabichi, chukua ya kujaa kiganja, yafikiche kidogo kwa vidole kwanza, kisha fuata utaratibu huo huo. Wateja wetu wengi waliojaribu hivi hawakurudi tena na lile lalamiko.

Inasaidia nini? Hapa tunapenda kuwa wakweli, kwa sababu mimea mingi huuzwa kwa maneno makubwa. Ibn Sina, tabibu mashuhuri wa kale, aliisifu karibu miaka 1,000 iliyopita kwamba huchangamsha moyo. Leo Shirika la Dawa la Ulaya linaikubali kama dawa ya asili kwa msongo mdogo wa mawazo, kwa kusaidia usingizi, na kwa tumbo lililojaa gesi. Ukubali huo umejengwa juu ya matumizi ya miaka mingi. Melisa haijathibitishwa kutibu ugonjwa mkubwa wowote. Sisi tunaiona kama kinywaji cha jioni cha kutuliza mwili, na hapo inatosha kabisa kuipenda.

Kuna watu tunaowaomba wasianze kabla ya kuzungumza na daktari au mfamasia. Wa kwanza ni wanaotumia dawa za tezi ya shingoni, kwa kuwa uchunguzi wa maabara umeonyesha melisa inaweza kugusa utendaji wa tezi hiyo. Wengine ni wanaomeza dawa za usingizi au za kutuliza, maana usingizi unaweza kuzidi, na vilevile wajawazito na wanaonyonyesha. Mtoto chini ya miaka 12 asipewe kama dawa. Na kama umekunywa wiki 2 na bado hulali, usiongeze kipimo, nenda ukapimwe.

Mara kwa mara tunaulizwa kwa nini hatuuzi mafuta ya melisa. Rudi kwenye ile hesabu ya gramu 3 kwa kilo: chupa ndogo hula shehena ya majani, kwa hiyo mafuta halisi ni ghali sana. Ndiyo maana mengi yanayouzwa kwa jina hilo yamechanganywa na ya mchaichai. Hatuna chombo cha kuyapima, na tusichoweza kukithibitisha hatukiweki dukani.

Jikoni kanuni haibadiliki: moto ni adui. Katakata majani mabichi uyanyunyize juu ya samaki aliyekwisha kuiva, au juu ya saladi ya matunda. Yaponde pamoja na siagi laini na chumvi kidogo upake mkate. Jani moja moja ndani ya vipande vya barafu hupendeza kwenye maji ya kunywa. Mimi binafsi naipenda zaidi ikiwa imelowekwa kwenye asali, na inafaa hivyo, kwa maana neno melissa kwa Kigiriki ni nyuki. Wafugaji wa nyuki tangu zamani walisugua mizinga kwa majani haya ili kuvutia makundi.

Ukitaka kupanda, mbegu ni ndogo sana na zinahitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo zitandaze juu ya udongo uzikandamize tu, usizifukie. Inapenda kivuli kidogo na udongo unaopitisha maji. Vuna asubuhi umande ukishakauka, kabla haijatoa maua, kwa sababu ikishachanua ladha huharibika. Kukata kabla ya maua kunazuia pia mbegu zisipukutike na kuota bustani nzima. Kausha kivulini penye hewa, kamwe si juani.

Hifadhi majani yakiwa mazima, ndani ya chupa iliyofungwa, mahali penye giza, uyafikiche siku ya kutumia tu. Ndiyo sababu pakiti zetu zina majani mazima na tarehe ya kuvuna imeandikwa juu yake. Kila unapofungua chupa, sugua jani moja kati ya vidole unuse. Likikosa harufu ya limau, hayo majani yamekwisha kazi yake: yatupe kwenye mboji.