Barua kwa wanangu mnaokuja kusoma Tabora

Wanangu,

Salaam nyingi kutoka mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora. Najua wengi wenu mmepangiwa Tabora bila kuichagua. Mliomba Dar, mkaomba Dodoma, kisha jina la chuo cha huku likatokea kwenye simu na nyumba nzima ikanyamaza. Nawaandikia nyinyi hasa: wa Mihayo, wa Uhazili, wa Chuo cha Reli, wa Ualimu, wa Ardhi, wa Nyuki, na wa VETA pia. Kila mwaka naona vijana wanaishi hapa kama abiria anayesubiri kubadilisha treni, macho kwenye saa na mzigo miguuni. Wanaondoka na cheti, mji hawakuujua. Linaniuma, kwa sababu mji huu una mengi ya kumfundisha mtu, na hauna ada.

Nianze na chumba, maana hapo ndipo wengi huumia mapema. Dalali atakuonyesha gheto jioni, limepigwa rangi mpya, na atakuambia kuna mwenzako keshaleta nusu ya kodi. Usitoe hata shilingi. Rudi kesho yake saa nane mchana, usimame katikati ya chumba usikie joto la bati lisilo na dari, kwa kuwa humo ndimo utakamosomea Oktoba nzima. Tazama juu kwenye kona: alama za kahawia ukutani ni maji ya masika yaliyopita, na yatarudi. Fungua bomba. Uliza kama LUKU ni ya kwako au mnachangia, na kama mnachangia, nani ana jiko la umeme na nani anapiga pasi za watu, maana ugomvi wa wapangaji wengi huanzia kwenye mita. Halafu bisha hodi mlango wa pili, msalimie mama aliyemo, umuulize taratibu aliyekaa pale alihama kwa nini. Jibu la mama huyo lina thamani kuliko maneno yote ya dalali.

Mkikubaliana na mwenye nyumba, andikianeni, kisha nenda ukajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa. Siku ukiugua usiku au ukivunjiwa mlango, pawepo mtu mzima anayejua wewe ni nani na umetoka wapi. Na nyinyi mabinti, niwaambie kama baba: mtu anayekusaidia kodi ukiwa hujamwomba atakuja kuidai. Afadhali mchange chumba wawili watatu kuliko kuwa na deni la namna hiyo.

Usafiri si tatizo. Mji ni tambarare, na baiskeli ya mtumba itakutoa Isevya, Cheyo au Kiloleni hadi darasani bila kumlipa bodaboda kila asubuhi. Ukipanda bodaboda, patana bei kabla hujakaa.

Bumu, yaani pesa ya mkopo, likitoka, nunua kwanza unga, mchele, mafuta na maharage ya mwezi, ndipo uangalie viatu. Mchana kuleni kwa mama ntilie mmoja mnayemzoea. Akikuzoea, wiki ambayo mfuko umekauka hatakuacha ulale njaa, mradi ulipe unapopata. Na msile chipsi kila siku wakati mko Unyamwezini! Kuna michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa, na kuna matobolwa, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Matobolwa na karanga mfukoni vinamkalisha mtu maktaba mpaka jioni. Kuna nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yakipikwa na karanga. Samaki aina ya migebuka na dagaa hutufikia kutoka Kigoma. Mvua zikikolea, akina mama huleta uyoga wa porini, mtamu ajabu. Nunueni kwao, wala msijaribu kuokota wenyewe, kwa sababu upo unaoua na unafanana na unaoliwa.

Asali nitaisemea zaidi. Ya huku inatoka kwenye misitu ya miombo, ina rangi nzito na ladha ya msitu. Wageni wengi wakiiona imeganda kwenye chupa hulalamika kwamba wametiliwa sukari. Asali halisi huganda, hasa kwenye baridi ya Juni na Julai. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu itarudi. Usiichemshe. Ukipata nafasi nenda Chuo cha Nyuki, hata kama wewe unasomea ukarani, ukaulize kwa nini wanahimiza mizinga ya mbao badala ya ile ya magome ya wazee wetu. Watakueleza kwamba mti ukivuliwa gome kuuzunguka, unakufa, na nyuki anakosa ua la kesho. Hilo ni somo kamili la uchumi, na mwalimu wake yupo karibu nawe.

Kuhusu kusoma kwenyewe: wahini asubuhi. Mchana wa kiangazi ni mkali na akili inalala. Maktaba ya mkoa ipo na ina utulivu kuliko gheto lenye spika ya jirani. Wanaokesha kwa kundi nawashauri wawe wachache na kila mmoja aje na swali lake, maana nimeona makundi ya watu kumi yanayokesha kwa hadithi, halafu sapu, mitihani ya kurudia, zinagawanywa kwa wote.

Sasa mji wenyewe. Kilomita chache tu kutoka mjini kuna Kwihara, lilipo tembe la makumbusho. Hapo Livingstone na Stanley walikaa mwanzoni mwa mwaka 1872. Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki akingoja wapagazi kutoka pwani mpaka Agosti. Hayo wengi mmeyasikia. Ninalotaka mlifikirie mkiwa pale ni la mwaka uliofuata. Livingstone alipofariki, watumishi wake Waafrika, Chuma, Susi na wenzao, walibeba mwili wake kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Walipofika hapa Unyanyembe walimkuta Mwingereza aitwaye Cameron, akawashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Wakambeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Wanachuo wangapi wamepita hapa bila kujua kwamba watu wa kawaida, wasio na cheo chochote, walisimama kwenye ardhi hii wakalinda ahadi waliyojiwekea ya kumrudisha kwao?

Mjini kwenyewe kuna Tabora Boys, alikosoma Nyerere kuanzia 1937, na alipotoka Makerere alirudi Tabora kufundisha St. Mary's. Na Januari 1958 TANU ilikutana hapa kuamua kama iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpigakura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi walikuwa na hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki. Wakabishana, wakakubaliana kushiriki, wakashinda. Ndio ule uamuzi wa busara mnaousoma vitabuni. Umefanyika kwenye mji mnaonunulia vocha.

Wa Chuo cha Reli, nyie mna la kwenu. Reli ilifika hapa mwaka 1912. Vita Kuu ya Kwanza ilipowabana Wajerumani, walitumia karakana ya reli ya Tabora kutengeneza sarafu za dhahabu zenye picha ya tembo, mwaka 1916, kabla Wabelgiji hawajauchukua mji Septemba. Ulizeni walimu wenu habari hiyo. Lile Boma la Wajerumani litazameni kwa mbali wala msipige picha, linatumiwa na jeshi.

Jioni, badala ya kushinda na simu, piteni kwenye mabaraza ya kahawa Gongoni au Ng'ambo. Anzeni na shikamoo, kaeni pembeni, sikilizeni. Mkijifunza kusema "mwangaluka" asubuhi, mtaona wazee wanavyochangamka. Msishangae mkitaniwa mara mkitaja kabila lenu. Mnyamwezi ana watani wengi na utani ni namna ya kukukaribisha. Mwezi wa Ramadhani msile njiani mchana, hata usiyefunga, na magharibi ikifika utakuta uji na tambi, na huenda ukaitwa ndani.

Laleni ndani ya chandarua, masika hasa. Homa ikipanda, nendeni hospitali ya Kitete au zahanati ya karibu mkapimwe, msinywe dawa za kubahatisha dukani.

Wazazi wakitaka kuwatembelea, waambieni waje Juni au Julai, barabara zimekauka na usiku una baridi nzuri, wabebe sweta. Wanaopenda maembe waje mvua zikianza. Wakija kwa treni na ikaingia usiku wa manane, wakae stesheni mpaka kupambazuke au mkawapokee wenyewe. Wakishapumzika, wapelekeni Kwihara, na muwaeleze nyinyi, msimwachie mtu mwingine kazi hiyo.

Mzee wenu,
Ng'ambo, Tabora