Barua kwa Mwanangu Aliyekwama Sura ya Kwanza

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku Tanga hatujambo, isipokuwa goti la mama yako ambalo limemrudia tangu mvua zianze, na habari ya hospitali hataki kuisikia. Nimeona nikuandikie kwa mkono kwa sababu kila ninapokupigia simu kukuuliza riwaya imefika wapi, unanijibu kwamba inaendelea, kisha haraka haraka unaniuliza habari za kuku.

Ulipokuja Idi uliniachia kompyuta yako nitazame picha za harusi ya mdogo wako, na katika kupapasa kwangu nikaingia kwenye folda isiyonihusu. Nikakuta humo sura ya kwanza mara 31. Kulikuwa na "Sura ya 1 mpya", "Sura ya 1 mpya kabisa", "Sura ya 1 ya mwisho", na nyingine yenye jina "Sura ya 1 ya mwisho wallahi". Sura ya pili sikuiona. Unisamehe, mama, nilisoma ile ya zamani kuliko zote na ile ya karibuni.

Katika ile ya zamani, mwanamke wako amesimama mnadani Deep Sea, soko letu la samaki, na ndoo yake kichwani, anamtukana dalali aliyempunja, na maji ya samaki yanamchuruzika mpaka shingoni. Ina makosa 14 ya tahajia; niliyahesabu, maana mazoea yana taabu. Katika ile ya karibuni hakuna kosa hata moja, sentensi zimenyooka kama tangazo la halmashauri, na mwanamke "alisimama kwa simanzi akiitazama bahari". Harufu ya samaki imekwisha. Dalali umemwondoa kabisa, nadhani kwa kuogopa kwamba ugomvi wa sokoni haufai kuitwa fasihi.

Woga huu najua umeutoa wapi, na hiyo ndiyo sababu hasa ya barua hii. Ulikuwa na miaka tisa, umekwenda likizo kwa bibi yako Lushoto, ukaniandikia kurasa tatu kuhusu mbuzi aliyetumbukia katika shimo la choo lililokuwa likichimbwa, na jinsi majirani walivyobishana nani ateremke kumtoa. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kazini na kalamu nyekundu ingali mfukoni, nikaisahihisha barua yote, nikaandika chini yake "Andika upya kwa makini", nikakurudishia. Jibu lako lilikuja baada ya wiki mbili: "Hatujambo. Bibi hajambo. Mvua inanyesha. Wako mtiifu." Halikuwa na kosa. Nilimwonyesha mama yako kwa fahari, naye akaniuliza, "Na mbuzi je?" Wakati ule nilicheka tu. Mpaka leo sijui kama yule mbuzi alitoka.

Nilisoma prufu, yaani kurasa za majaribio za kitabu kabla hakijachapwa, kwa miaka 26. Kazi ile tuliifanya wawili wawili: mmoja anasoma muswada kwa sauti pamoja na nukta na mikato yake, mwenzake anafuata kwenye prufu, rula ikiwa chini ya mstari. Vitabu vya shule tulivirudia kwa kuanzia neno la mwisho kurudi nyuma, ili utamu wa maana usituibie macho. Pamoja na yote hayo, kipo kitabu kilichopita mikononi mwa watu watatu, mimi nikiwa wa mwisho kutia sahihi, kikatoka na neno "UTANGULZI" kwa herufi kubwa juu ya ukurasa. Herufi kubwa ndizo zinazoponyoka kuliko zote, kwa sababu jicho huzitambua kabla halijazisoma. Sikulala siku mbili. Mwezi uliofuata akaja mwalimu mmoja kutoka Handeni kununua nakala 40 zaidi, akasimulia jinsi wanafunzi wake wanavyozigombania zile chache zilizopo, na la UTANGULZI hakulitaja.

Sisemi kwamba kosa lile halikuwa kosa. Hata sasa nikilikumbuka nakunja uso. Ninalotaka ulione ni kwamba kazi yetu ilianza baada ya mtu mwingine kumaliza yake. Hatukuwahi kwenda nyumbani kwa mtunzi tukakaa ubavuni kwake na kumshika mkono kila anapoandika neno. Wewe umemkaribisha msahihishaji kabla muswada haujakuwapo, na nina hakika anazungumza kwa sauti yangu.

Kuna neno jingine ulilomwambia mama yako, naye akanifikishia: kwamba Kiswahili chako kimeingiwa na Kisambaa cha kwao, na wajuzi watakucheka. Shaaban Robert, aliyezaliwa hapa kwetu Vibambani mwaka 1909 na kufanya kazi ya ukarani wa forodha kwa miaka mingi, wazee wake walikuwa na asili ya Kiyao, na leo ni nani anayezungumzia ufasaha wa Kiswahili asimtaje? Alipofariki mwaka 1962 aliacha maandishi ambayo hayajachapwa. Utubora Mkulima ilitoka mwaka 1968. Muswada uliokamilika unaweza kumngojea mchapaji miaka sita, hata mwenyewe akiwa kaburini, lakini sura moja iliyoandikwa mara 31 haina wa kuichapa. Kezilahabi naye alikuwa mtu wa Ukerewe, huko ziwani. Riwaya yake ya kwanza aliitoa mwaka 1971 akiwa kijana, ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda. Mwaka 1974 akatoa diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, na washairi wa mapokeo wakamwandama kwa ubishi ambao nimeusikia hata katika vibaraza vya kahawa. Angengoja wajuzi wote waridhike, wangekosa hata cha kubishania.

Sasa nakuomba jambo, wala si amri. Funga hiyo kompyuta, nunua kaunta buku nene, na uanze sura ya pili kwa kalamu ya wino kana kwamba ya kwanza imekwisha. Neno likikukataa, acha nafasi, tia duara pembeni, uendelee. Miswada tuliyoletewa kazini, hata ya watunzi wenye majina, ilikuwa na mapengo ya namna hiyo; mmoja alikuwa ameandika katikati ya sentensi "hapa jina la mti, nitamuuliza kaka", na mpaka muswada unatufikia alikuwa hajamuuliza. Shaka haitaondoka kwa sababu ya daftari, nisikudanganye. Itakuwapo, ila utakuwa umeipa kazi ya kufanya baadaye. Na yule dalali umrudishe, kwa matusi yake yote.

Ukimaliza sura ya pili, usiisafishe. Nitumie kwa basi la asubuhi, nami nitaipokea mwenyewe stendi ya Kange. Kalamu zangu nyekundu mama yako amezikusanya zote, anaandikia hesabu ya mayai. Ndani ya bahasha uniwekee na karatasi moja ya pembeni, unieleze yule mbuzi walimtoaje.

Ni mimi,
Baba yako