Heshima ya mtu haingoji kitambulisho

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja wa gazeti lako aliandika kwamba uraia ni zawadi ya serikali, na mpewa zawadi hana la kuhoji. Nimefundisha somo la uraia hapa Kasulu hadi nikastaafu. Neno hilo siwezi kuliacha lipite.

Ibara ya 12 ya Katiba yetu ya Tanzania inasema: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Huzaliwa. Hawafanywi huru na ofisi yoyote. Hapo ndipo ilipo sheria ya asili, ile fikra kwamba ipo haki iliyomtangulia mfalme na bunge, na dola huitambua tu. Mwanafalsafa John Locke aliitetea fikra hiyo kule Uingereza katika karne ya 17. Wafaransa mwaka 1789 walitangaza haki za binadamu na za raia, wakawataja wote wawili, binadamu na raia. Wamarekani waliandika mwaka 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa, lakini mwaka 1857 Mahakama yao ya Juu ikaamua kuwa mtu mwenye asili ya Afrika hawezi kuwa raia. Uamuzi huo ulikuja kufutwa na marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, baada ya vita na damu nyingi.

Katiba yetu nayo inatofautisha. Haki ya kuishi, ibara ya 14, ni ya "kila mtu". Kwenda kokote nchini na kushiriki utawala, ibara ya 17 na 21, ni kwa "kila raia". Sipingi tofauti hiyo. Nchi lazima ijue raia wake. Lakini kila raia alianza kuwa mtu.

Mwaka huu nilimsindikiza kijana wa jirani yangu kufuatilia kitambulisho cha taifa. Aliulizwa babu yake amezikwa wapi, akajibu. Akaulizwa mwami, yaani mtemi, wa enzi za babu yake, akamtaja. Mwisho akaambiwa Kiha chake, lugha yetu Waha wa Kigoma, kina Kirundi ndani yake, arudi siku nyingine. Mhariri, ni Muha gani wa mpakani ambaye Kiha chake hakikaribiani na Kirundi? Wakati wa Mjerumani tulikuwa koloni moja na Burundi; mpaka wa Manyovu haukuchorwa kwa kufuata lugha za watu. Kijana alitoka pale kichwa chini, kama aliyeshikwa na mali ya wizi.

Oktoba 1961, wabunge wa Tanganyika walipotaka uraia ufuate rangi ya ngozi, Mwalimu Nyerere alikataa katakata, akawa tayari kujiuzulu. Lafudhi nayo ina haki gani ya kuwa kipimo?

Naomba wahusika wafanye hivi: anayetiliwa shaka apewe sababu kwa maandishi, aambiwe ushahidi gani unatakiwa na akate rufaa wapi, na wakati anasubiri aitwe kwa jina lake, si "Mrundi".

Mwalimu mstaafu,
Kasulu, Kigoma